Dada Yangu Katika Dawati la Darasa la Nne

Harufu ya turubai lililoanikwa juani haifanani na harufu nyingine yoyote ninayoijua. Ina nta ndani yake, ina dizeli, ina vumbi la barabara ndefu, na ukiinama kuishona inakukereketa koo mpaka machozi yakutoke. Ndiyo harufu ya baba yangu. Alikuwa fundi wa maturubai ya malori pale Tunduma, kando ya barabara kuu, na kiwanda chake kilikuwa kipande cha ardhi tupu kisicho na paa wala uzio. Madereva waliokuwa wakisubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo walimletea maturubai yaliyochanika, naye aliyatandaza chini, akapiga magoti juu yake na kuyashona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, kiganja chake kikiwa kimefungwa kipande cha ngozi. Wageni wakisikia jina la Tunduma hudhani ni mji wa joto kwa sababu ya fujo zake. Wanajidanganya. Sisi tuko juu, kwenye mgongo wa nyanda za juu, na mwezi wa sita na wa saba upepo hupita ndani ya sweta kana kwamba hukuvaa kitu, ukibeba vumbi jekundu na moshi wa malori yaliyopanga foleni hadi nje ya mji. Sipendi watu wanaosimulia utoto wao kama sikukuu isiyoisha. Wetu ulikuwa na vicheko vyake, lakini mwaka ninaotaka kuusimulia haukuwa na vingi.

Asiyeijua Tunduma anafikiri mpaka ni ukuta au mto. Kwetu mpaka ulikuwa mawe yaliyosimikwa ardhini, na baina ya jiwe na jiwe kulikuwa na nyumba, vibanda, vichochoro na kuku waliokula nchi moja na kutaga nchi nyingine. Tulitumwa sukari Nakonde, upande wa Zambia, tukarudi kabla maji ya chai hayajachemka. Wao walikuja kwetu kufuata mchele wa Kamsamba. Mama ni Mnamwanga, na Wanamwanga wako pande zote mbili, hivyo harusi, misiba na ugomvi wa ukoo wetu havikuwahi kuuliza njia. Dada yake, mama yetu mkubwa, alikuwa ameolewa Nakonde na fundi baiskeli mpole ambaye sikumbuki kumsikia akipaza sauti. Hawakujaliwa mtoto. Hilo halikuzungumzwa sana nyumbani, kwa sababu jibu lake lilikuwa linajulikana: mtoto wa mama ni mtoto wa mama mkubwa, hakuna wa kumwonea mwenzake huruma.

Baba alitoka Itaka, kwenye mibuni ya wazazi wake, na shule aliishia darasa la saba kwa sababu mlango uliofuata haukufunguka. Mdogo wake alikuwa amekimbilia kwenye mashimo ya dhahabu kule Saza, na kila aliporudi alikuwa anakohoa zaidi na kuongea kidogo zaidi. Baba akiwa amepiga magoti juu ya turubai aliwaona mawakala wa forodha wakipita, vijana wa viatu safi, wakiongea Kiingereza na madereva wa Kongo, wa Zambia, wa kila mahali, na akaamua kwamba tofauti ya mtu aliyesimama na mtu aliyepiga magoti ni Kiingereza. Mtu asimcheke. Mji ulikuwa unaota nyumba kila mahali pasipo mpangilio, watu wakimiminika kufuata biashara ya mpaka, na shule hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Hata nilipokuja kuanza shule mimi, darasa la kwanza tulikaa sakafuni tukiandikia mapajani. Ng'ambo, hatua chache tu, watoto walisoma kwa Kiingereza. Kwa hiyo dada yangu Tabitha alipofikia umri wa kuanza shule, alipelekwa kwa mama mkubwa, na mama mkubwa akaenda kumwandikisha kama mtoto wake wa kumzaa ili asiulizwe maswali. Hakuna aliyeona kwamba huo ni uongo. Kwa watu wetu ulikuwa ukweli ambao kwa mara ya kwanza umeandikwa.

Nilikua nikimjua Tabitha kama dada wa Jumapili. Alikuja baada ya kanisa akiwa amevaa sweta la buluu la shule yake, akatusuka nywele, akala nasi, na jioni akarudi kwao. Nasema kwao kwa sababu hata yeye alisema hivyo. Alipomaliza darasa la saba la kule alifaulu vizuri mno, akapewa nafasi katika shule ya bweni ya mbali, upande wa Kasama. Hapo baba akakataa. Mpango wake ulikuwa umekamilika kichwani tangu zamani: mtoto achote Kiingereza kule, kisha arudi kusoma sekondari huku nyumbani, ambako masomo ni kwa Kiingereza na angewaacha wenzake mbali. Na mtoto wa kike, akasema, hampeleki Kasama kwa watu asiowajua. Mama mkubwa alilia. Alikuja mwenyewe Tunduma kumsihi amwache aende, baba akamsikiliza kwa heshima zote, na kesho yake akaenda kuchukua sanduku la Tabitha.

Sikukuu ya Krismasi ile ilikuwa nzuri, lazima niseme haki. Kuku alichinjwa. Baba alimkalisha Tabitha pale kazini kwake na kila dereva aliyepita alimwambia, "Huyu ni binti yangu, hebu ongea naye," kisha akainamia turubai akijifanya anashona huku masikio yamesimama. Dada alijibu kwa sauti ya chini, kwa adabu, madereva wakatikisa vichwa. Nilimuuliza anataka kuwa nani. Akasema muuguzi, tena wa hospitali kubwa, na akanionyesha jinsi ya kuhesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono wangu. Nilikuwa nakaribia kuanza darasa la nne na sikuwa nimewahi kumpenda mtu kiasi kile.

Januari baba alivaa koti lake la kanisani, akampeleka sekondari. Mimi nilifuatana nao kwa sababu hakuna aliyenikataza. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa, ningekuwa na wa kumchukia. Aliyasoma matokeo ya Tabitha, akampongeza, kisha akayakunja.

"Mzee wangu," alisema, "watoto wa kidato cha kwanza wanaletwa kwangu na namba zao za mtihani wa darasa la saba la hapa. Huyu hana. Nikimweka darasani leo, kwenye kumbukumbu za serikali hayupo, na siku ya mtihani wa kidato cha nne atakuwa bado hayupo."

"Lakini amefaulu, mwalimu. Si unaona?"

"Naona. Amefaulu kwao."

Baba alisema kwao ni hapa. Mwalimu akamwangalia dada, akauliza jina la baba yake kwa Kiswahili, na Tabitha, kwa mazoea ya miaka yote ile, akataja jina la fundi baiskeli wa Nakonde. Baba hakumkemea. Alisimama tu akiwa ameshika kofia yake, na sijawahi kuona mtu mzima akikosa pa kuweka mikono namna ile.

Tukaambiwa njia ni moja. Ili mtu afanye mtihani wa darasa la saba lazima awe amepita mtihani wa darasa la nne, kwa hiyo Tabitha arudi msingi, aingie darasa la nne, aanze kuhesabiwa hapo. Wakati huo nafasi ya Kasama ilikuwa imeshapewa mwingine. Wiki iliyofuata dada yangu aliingia darasani kwetu akiwa na matiti na magoti marefu, na mwalimu akamweka kwenye dawati langu. Magoti hayakuingia chini ya meza. Ilibidi akae upande, miguu ikitokeza njiani, na kila mtoto aliyepita aliiruka kwa makusudi. Alimsalimu mwalimu kwa kupiga makofi taratibu na kuinama, kama alivyolelewa, darasa zima likaangua kicheko. Kabla ya mapumziko alikuwa ameshapewa jina: Bibi Zambia. Nilipigana na msichana mmoja kwa ajili hiyo, nikapigwa mimi.

Ubaya ni kwamba alijua karibu kila tulichofundishwa, ila hakukijua kwa majina yetu. Kiswahili cha sokoni alikuwa nacho, cha daftarini hakuwa nacho. Kwenye hesabu alipata jibu kabla mwalimu hajamaliza kuandika, lakini swali likiwa la maneno, la mkulima na magunia yake, alikwama kwenye sentensi. Kwenye Uraia aliulizwa ngao ya taifa ina nini. Akasema mwanamume na mwanamke, mwalimu akaitikia vizuri, kisha akaongeza tai mwenye mabawa wazi. Watoto waligonga madawati kwa kucheka. Mwalimu wetu naye alicheka, kisha akajirudi na kueleza kwamba tai ni wa wenzetu. Nakumbuka zaidi kipindi cha Jiografia. Mwalimu alichora ramani ya nchi ubaoni, akaweka nukta pembeni kabisa kusini magharibi na kusema hapa ndipo tulipo, wakati ule tukiwa bado mkoa wa Mbeya. Akamwita Tabitha aonyeshe mito na maziwa. Alionyesha Rukwa, akaonyesha mto Songwe, kisha chaki ikavuka mpaka, ikaendelea kuchora milima na njia ya reli na mito ya upande wa pili, vizuri na kwa utulivu, kama mtu anayeonyesha vyumba vya nyumba yake. Mwalimu alimwacha kidogo, kisha akachukua kifutio.

"Hiyo haitoki kwenye mtihani," akasema, akafuta.

Mchana tulikwenda kwa baba tukiwa na madaftari, tukakaa juu ya maturubai yaliyokunjwa, na mimi niliyekuwa mtoto wa miaka tisa nikamfundisha dada yangu mkubwa. Nilimpa majina, yeye akanipa maana. Nilimwambia hiki kinaitwa kipenyo, akanieleza kwa nini. Nilimwambia mmeng'enyo wa chakula, akacheka neno lenyewe mpaka akashika mbavu, halafu akanichorea tumbo na utumbo mchangani kwa kijiti. Katikati ya mwaka alikuwa anaandika insha. Mwezi wa nane, vumbi likiwa limefunika hadi vyombo ndani ya makabati, alishika nafasi ya kwanza katika jaribio la darasa na hakuna aliyemwita Bibi Zambia siku hiyo. Baba alianza tena kumwonyesha kwa madereva. Nami niliamini kabisa kwamba shida imekwisha, kwamba kilichobaki ni uvumilivu tu, miaka michache ya magoti kutokeza njiani.

Kisha ikafika wakati wa kupeleka majina ya watahiniwa wa darasa la nne. Waliozaliwa mahali penye utata, na kwetu mpakani hao si wachache, walitakiwa wathibitishwe kwamba wazazi wao ni raia wa hapa. Tabitha alizaliwa zahanati ya Nakonde kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu usiku uchungu ulipomkamata mama, na huko maandishi yote aliyokuwa nayo, kuanzia ya shule, yalisema yeye ni mtoto wa mama mkubwa na mumewe. Ofisa aliyempokea baba alimwambia jambo moja lililo wazi: aje huyo mama aliyeandikwa, atamke mbele yake kwamba hakumzaa mtoto huyu, na aliyemzaa ni mama yetu. Basi. Baba alirudi nyumbani karibu akicheka. Jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo.

Mama mkubwa aliitwa, akaja, akakaribishwa kwenye mkeka uani kwetu. Mama alimweleza polepole, akimshika goti. Nilikuwa nachambua mchele karibu yao na Tabitha alikuwa ndani, mlango wazi. Mama mkubwa alisikiliza hadi mwisho.

"Awe," akasema kwa Kibemba chake cha ng'ambo. Hapana. "Niseme si mwanangu? Kwa kinywa hiki?"

"Dada, ni kwa ofisa tu. Si kwa watu."

"Ofisa si mtu? Mimi nimemlea huyu. Surua nimemuuguza mimi. Nilipokuombeni mumwache asome, mlikuja mkamchukua kama mtu anayefuata sufuria aliyoazimisha. Sikusema neno. Leo mnataka nisimame niseme simjui?"

"Hatujasema humjui. Tunasema hukumzaa."

"Hilo wameniambia watu tangu nimeolewa. Sikutegemea kulisikia kwako."

Mama alianza kulia. Katika ukoo wao mtoto akikanwa na mzazi mbele ya watu amekwisha kutolewa ukooni, hata kama waliokana walitania, na mama alilijua hilo kuliko mimi. Lakini nadhani si mila peke yake iliyomfunga ulimi mama mkubwa. Mumewe aliogopa kushitakiwa kwa kuandikisha uongo. Na juu ya yote alikuwa mwanamke aliyekuwa na kitu kimoja tu duniani, nacho kilikuwa kipo kwenye karatasi, na dada yake mwenyewe alikuwa amekuja kukiomba. Tabitha akatoka ndani. Alikuwa mrefu kuliko wote wawili. Alipiga magoti katikati yao, hakujua amgeukie nani, akasema "mama," na wote wawili wakaitika.

Baba alikwenda Nakonde kumsihi mara nyingine, akapeleka wazee, akapeleka mchungaji. Mama mkubwa alimpikia kila mmoja chakula na akamrudisha kama alivyokuja. Majina yalipelekwa bila la Tabitha. Asubuhi ya mtihani mama alinichongea penseli mbili, akanipaka mafuta usoni, na nilipotoka dada alikuwa ameshafika kazini kwa baba. Nilipita barabarani nikamwona amepiga magoti juu ya turubai, akishika upande mmoja ili baba ashone mwingine. Alinipungia mkono. Niliketi peke yangu kwenye dawati ambalo sasa lilikuwa na nafasi ya kutosha, nikafanya mtihani kwa majibu ambayo mengi alinielewesha yeye, nikafaulu. Sijawahi kuifurahia alama yoyote tangu siku hiyo, na nimepata alama nyingi.

Nilipofika chuo cha ualimu ndipo nikajua kwamba matokeo ya nje huweza kulinganishwa na ya hapa, kwamba ulikuwapo utaratibu wake na ofisi yake. Ofisi ilikuwa Dar es Salaam. Kati ya sisi na ofisi hiyo kulikuwa na nchi nzima, na hakuna mtu mmoja, mwalimu wala ofisa, aliyekuwa amewahi kuisikia au aliyeona inafaa kutuambia. Nilipomweleza Tabitha alikuwa ameshaolewa na kuachika. Alisikiliza akiwa anavuta uzi, akaukata kwa meno. "Basi," alisema, "sasa unajua, utawaambia wengine."

Leo sisi ni mkoa. Makao makuu yako Vwawa, yana maghorofa ya ofisi na taa za barabarani, na mimi nafundisha Jiografia katika sekondari moja hapo, nikiwaambia wanafunzi habari za nyanda za juu, mvua, kahawa na miji inayokua haraka. Karibu kila kata ina sekondari yake. Watoto wetu hawakai sakafuni kama sisi, au hawakai wengi. Pale mpakani pamejengwa majengo makubwa na lori linavuka upesi kuliko zamani. Ninayaona haya yote na ninayashukuru, sitaki kuwa mtu wa kununa mbele ya kitu kizuri. Lakini kadiri mambo yalivyonyooka, ndivyo matundu tuliyokuwa tukipenya yalivyozibwa, na waliokuwa wameshanasa katikati walibaki humohumo. Baba amekufa, na Tabitha ameichukua kazi yake, shazia na kipande cha ngozi. Mama mkubwa naye amekufa, huko Nakonde, bila kulitamka neno lile. Dada yangu hana kitambulisho cha huku, na cha kule aliacha kukifuatilia siku nyingi.

Ana binti, Neema. Neema alipofikia umri wa shule, Tabitha alimleta Vwawa akiwa na begi dogo, akakaa kitini kwangu bila kuvua kanga ya mabegani. "Wanataka cheti chake," alisema, "na cheti kinataka kitambulisho cha mama. Mwandikishe kwako." Nilijua tangu akiwa mlangoni kilichomleta. Nilijua pia, kuliko mtu yeyote hai, jambo hilo huishia wapi. Nilisema tutafute njia nyingine, nikataja ofisi, nikataja wakili. Alinisikiliza kwa upole, kisha akauliza shule inafunguliwa lini. Mvulana wangu akapata dada. Siku moja mtu mwenye adabu zake ataniita, ataniomba niseme kwa kinywa changu kwamba Neema si mwanangu, na masomo yake yatakuwa yananingoja mimi nifungue mdomo. Zamani nilimlaumu mama mkubwa. Sasa mtoto huyu ananiita mama kila asubuhi, na sina hakika tena nitajibu nini.

Muhula uliopita kulikuwa na mkutano wa wazazi, na Tabitha alipanda gari kutoka Tunduma ili aje aone darasa. Tulimkuta Neema amekaa dawati la mbele, miguu yake ikining'inia bila kufika sakafuni. Mwalimu alinisifia mtoto wangu, akasema ana akili, anasoma vizuri, kisha akamgeukia dada yangu kwa heshima na kumuuliza, "Na wewe mama, ni nani wake?"

"Mimi ni mama yake mkubwa," alisema Tabitha.

Neema alimwangalia, akaniangalia na mimi, akanyamaza kama tulivyomfundisha.